Mkongwe Mfukoni mwa Shati

Jumatatu, tarehe 3

Nimeanza daftari jipya. Naona wiki hii itakuwa ya kihistoria, na ni vizuri historia iandikwe na mtu aliyekuwepo.

Habari kubwa: seva yetu ya zamani, ile inayounguruma chumba cha nyuma kando ya makasha ya fremu, inaondoka Ijumaa. Mwenye gari la kubeba vyuma keshaambiwa. Seva mpya imefika, imekaa juu ya meza ya chai, bado ina nailoni yake. Daktari alitueleza mambo haya baada ya mgonjwa wa kwanza, kwa sauti yake ile ya kupimia macho, kama anayekuuliza unaona vizuri hivi au vile.

Nifafanue kidogo, endapo atakayesoma daftari hili miaka mia ijayo ni mgeni. Kliniki yetu hupima macho na kutengeneza miwani. Mashine ya kukata lenzi ni nzuri, ila inasikiliza programu moja tu ya kale, na programu hiyo haitaki hata kuziona kompyuta za siku hizi. Kwa hiyo ndani ya seva mna kompyuta pepe. Haina mwili. Haina kioo, haina waya, huwezi kuipiga teke. Ni kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta nyingine, na yenyewe haina habari. Inadhani tuko miaka kumi na mitano nyuma na mambo ni shwari. Wote tunaiita Mkongwe. Ndani yake mna vipimo vya macho ya watu elfu nne na mia mbili, vya miaka kumi na moja.

Uzuri wa kompyuta isiyo na mwili ni kwamba inafungashika. Unaizima, unatoa amri, inakunjwa yote kuwa faili moja. Unalibeba faili lako, unalifungua kwenye seva nyingine, na Mkongwe anaamka hapo kama aliyesinzia tu.

Kazi tumepewa wawili, mimi na Bi Daftari. Huyu ni mwenzangu wa meza ya pili. Jina nimempa mimi, kwa sababu anaandika kila kitu kwenye daftari lake: saa ngapi printa ilitiwa karatasi, saa ngapi ilizikataa. Daktari alisema baada ya kuhama atachagua mmoja wetu awe msimamizi wa mitambo. Alisema hayo huku akinitazama mimi. Au akitazama saa ya ukutani nyuma yangu. Nachukulia alinitazama mimi.

Nyumbani, mama mkwe bado yupo. Siku ya kumi na mbili! Alikuja kutusalimia kwa siku tatu, nikakalia miwani yake. Nani anaweka miwani kwenye kochi? Bila miwani haoni namba ya basi, na mke wangu amesema mama yake hasafiri akiwa haoni. Alifundisha hesabu miaka thelathini na minane, na sidhani kama amekubali kwamba alistaafu. Kila jioni namsomea gazeti zima, mpaka matangazo ya zabuni. Nimeanza kuruka aya. Hajui.

Vipimo vyake vimo ndani ya Mkongwe. Lenzi zake zinafika Jumatano. Zikikatwa, ataona, akiona, ataenda kwake. Kwa hiyo nina sababu mbili za kumtunza Mkongwe wiki hii.

Jumanne, tarehe 4

Mpango: nimalize peke yangu kabla Bi Daftari hajakaa vizuri kwenye kiti.

Saa saba wote walipokwenda kula, nikabaki. Nikamzima Mkongwe. Programu ya kufungasha ikaniuliza maswali chungu nzima, nikayajibu yote ndiyo. Halafu ikanigomea. Ikasema faili litakuwa kubwa kuliko flashi yangu.

Flashi yenyewe ni ile nyekundu niliyopewa kwenye semina. Sikuwa tayari kuiacha. Nikakuna kichwa, nikasoma orodha upya. Kumbe Mkongwe ana diski mbili! Ya kwanza ndogo, ya pili kubwa sana. Diski mbili za nini? Mtu anaishi na moja. Hii ya pili lazima iwe ya akiba, kama kile chumba chetu cha uani tunachoweka ndoo. Nikaitoa tiki. Faili likanywea, likaingia kwenye flashi, na nafasi ikabaki.

Nimeliita MKONGWE_MWISHO. Watu elfu nne na mia mbili mfukoni mwa shati langu! Mchana kutwa nilikuwa nikigusa mfuko. Fundi Lenzi, mkata lenzi wetu, aliniuliza kama kifua kinaniuma.

Bi Daftari aliniuliza taratibu kama nimeshamfungasha. Nikajitia hamnazo. Nikadumu hivyo dakika mbili, kisha nikashindwa, nikamwambia. Akasema hata yeye alimfungasha, jana mchana, faili lake liko palepale kwenye seva ya zamani, akapendekeza tulinganishe ukubwa. Tukalinganisha. Lake ni kubwa mara ishirini ya langu! Nilicheka mpaka nikashika meza. Amefungasha kama mtu anayehama na matofali ya nyumba. Nikamweleza kwa wema kwamba kufungasha ni ufundi, na si kila mtu amejaliwa kukunja. Akalitazama faili langu muda mrefu. Akaniuliza kama nimelijaribu, yaani kulifungua mahali pengine na kuita jina la mgonjwa mmoja, kuona kama anatokea.

Nikamjibu kwamba kujaribu ni kwa wasiojiamini. Akaliandika hilo kwenye daftari lake, na saa yake.

Jumatano, tarehe 5

Lenzi za mama mkwe zimefika. Fundi Lenzi alinionyesha, zimo kwenye bahasha zao nyeupe. Huyu mzee alianza kukata lenzi kwa mkono kabla mashine haijazaliwa, na bado anaipuliza vumbi kila asubuhi kama anayemwamsha mtoto. Alisema anaweza kuzikata saa ile ile, dakika ishirini tu, jioni niondoke na miwani.

Nikakataa.

Nina sababu. Kesho nitamfungua Mkongwe kwenye seva mpya. Nataka lenzi za kwanza kukatwa baada ya kuhama ziwe za mama mkwe wangu, Daktari akiwa amesimama pale, na flashi nyekundu ikionekana. Kazi ionekane ina mtu na ina familia. Fundi Lenzi alinitazama juu ya miwani yake.

"Bwana Kompyuta, mama haoni."

Nikamwambia ni usiku mmoja tu, na keshazoea.

Mchana nikawaza jambo lingine. Daktari akikuta mafaili mawili, moja nene na moja jembamba, si ajabu akachagua lile nene. Watu wasio wa fani huvutwa na unene. Na Mkongwe mwenyewe akiendelea kukaa kwenye seva ya zamani, flashi yangu ni ya nini? Itakuwa nakala tu, wakati ningependa iwe yenyewe.

Kwa hiyo saa kumi na moja, kliniki ilipofungwa, nilibaki kusafisha. Nikalifuta faili la Bi Daftari. Sikulifuta kwa chuki. Lilikuwa limekalia nafasi. Kisha nikamfuta Mkongwe na diski zake zote. Programu ikaniuliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena! Hiyo ni dharau. Mtu wa fani haulizwi mara mbili. Nikabonyeza kwa nguvu.

Jioni mama mkwe alitaka kurasa za michezo, zote. Nikamwambia mechi ilivunjika dakika ya kwanza kwa mvua. Alisikitika. Tukala mapema.

Alhamisi, tarehe 6

Naandika taratibu, neno kwa neno.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Nilivaa shati jeupe. Nikachomeka flashi kwenye seva mpya mbele ya Daktari, Fundi Lenzi na Bi Daftari, nikaamuru, na baada ya dakika tisa Mkongwe akaamka. Mandhari yake ile ile ya majani mabichi, mlio wake ule ule wa kizamani. Fundi Lenzi alipiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa kidogo, nilivyoona wenye heshima wanavyofanya.

Fundi Lenzi akaandika jina la mama mkwe. Programu ikajibu kwa adabu kwamba hakuna mtu huyo.

Nikamwambia labda amekosea herufi. Akaandika tena. Hakuna. Akaandika jina la Daktari mwenyewe, ambaye huvaa miwani. Hakuna. Akaandika lake. Hakuna. Nikachukua kibodi, nikaomba orodha yote. Mkongwe akafikiri, akaandika: kumbukumbu sifuri.

Nikawaambia amechoka kwa kuhamishwa, apewe saa moja apumzike. Tukanywa chai. Bi Daftari hakunywa, alikuwa ananitazama. Saa ikaisha. Sifuri.

Sasa nilikuwa nimeelewa. Chumba cha uani hakikuwa cha ndoo. Watu wote elfu nne na mia mbili walikuwa wanaishi kwenye diski ya pili! Ya kwanza ilikuwa na Mkongwe mwenyewe, na majani yake mabichi, basi. Nikaenda chumba cha nyuma kwa mwendo wa kawaida. Nikatazama seva ya zamani. Safi. Niliisafisha vizuri kweli, sijawahi kusafisha vizuri vile maishani.

Kwenye benchi la wagonjwa alikuwepo fundi saa, yule mwenye duka dogo pembeni ya posta. Presha ya macho yake inapanda na kushuka, na Daktari amekuwa akiifuatilia mwaka wa tisa sasa. Kila akija, Daktari anapima, halafu anatazama namba za nyuma, halafu ndipo anajua la kufanya. Leo alipimwa, akaambiwa asubiri kidogo namba za nyuma zifunguliwe. Akasubiri. Alikuwa anaikunja kadi yake ya miadi na kuikunjua. Saa sita Daktari akatoka, akamwomba radhi, akamwambia arudi kesho. Fundi saa akasema hamna shida, akaniaga na mimi kwa mkono, kwa sababu hajui.

Daktari aliniuliza kuna tatizo gani. Nikamwambia kuna sehemu ndogo inasubiriwa. Akauliza ikishindikana, si wagonjwa wataitwa wapimwe upya? Hapo nikaona mwanga, nikadakia kwamba naam, ndiyo hivyo. Lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe, na akajijibu mwenyewe.

"Ya leo nitapima leo. Macho ya mwaka jana hayapimiki tena."

Akarudi chumbani kwake. Nikaenda msalani, nikasimama humo mpaka mtu akagonga.

Jioni nikakaa kumsomea mama mkwe gazeti. Nilisoma kila neno. Sikuwa na nguvu za kuruka. Nilipofika kwenye zabuni ya kukarabati uzio akaninyanyulia mkono ninyamaze. Mke wangu alikuwa jikoni.

"Mkwe wangu, umekosea wapi?"

Nikasema sijakosea popote.

"Mtoto akikosea hesabu, sina neno naye. Anayenisumbua ni yule anayekalia karatasi, maana sijui nimsaidie mstari upi." Akaupeleka mkono wake juu ya mkono wangu, akaukosa kidogo kwa kutoona, akaupata. "Waambie asubuhi. Kabla hawajakuuliza."

Nimeogopa. Naliandika humu tu. Nimeogopa kwa sababu ya yule fundi saa, na kwa sababu la Bi Daftari nalo nililifuta kwa mkono huu huu unaoandika.

Ushauri wa mama mkwe ni mzuri sana. Ila nimepata mpango.

Ijumaa, tarehe 7

Mpango ulikuwa huu. Nimewahi kusikia kwamba vitu vilivyofutwa vinaweza kurudishwa na wataalamu, mradi diski yenyewe ipo. Kwa hiyo seva ya zamani isiondoke. Na isiondoke maana yake chumba cha nyuma kisifunguke. Nikafika wa kwanza, nikafunga chumba, nikatia ufunguo ndani ya soksi ya mguu wa kulia.

Gari la vyuma lilifika saa tatu. Ufunguo ukatafutwa. Nami nikautafuta, kwa bidii kuliko wote, nilipekua hata makasha ya fremu za watoto. Dereva akasema ana dakika kumi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Shida ni kwamba ufunguo wenyewe ni ule mrefu wa kizamani, nami nilikuwa natembea juu yake. Daktari akaniona nachechemea. Akaniita. Nikamwambia si kitu. Akasema yeye ni daktari, ataamua yeye kama si kitu, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akaniambia nivue kiatu.

Daktari wa macho anataka nini na mguu wa mtu?

Nikavua. Akavuta soksi mwenyewe, kwa upole, huku akiniuliza kama naumia. Ufunguo ukaanguka sakafuni. Dereva aliyekuwa mlangoni akaokota, akampa Fundi Lenzi, akaenda kusubiri garini.

Basi nikasema. Mguu mmoja mtupu, nikasema yote: flashi, diski ya pili, tiki niliyoitoa, Mkongwe niliyemfuta. La Bi Daftari nililiacha la mwisho. Nikatazama ukuta wenye herufi za kupimia na kusema kwamba faili lake nalo nililifuta, Jumatano, saa kumi na moja na robo.

Nilitegemea anirukie. Alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa kwa kidole.

"Naoneaga wivu watu wenye kumbukumbu, kaka. Mimi sina. Ndiyo maana kila kitu nakifungasha mara mbili," akasema. "Moja kwenye seva. Moja kwenye kabati la Daktari."

Akaenda kwenye kabati la Daktari, rafu ya chini, chini ya sampuli za fremu. Akatoa bahasha ya kaki yenye diski ya kubebeka. Juu yake ameandika tarehe, saa, diski ya kwanza, diski ya pili. Chini kabisa kuna mstari unaosema amelifungua kwenye kompyuta yake, na jina la mgonjwa aliyemwita kujaribu. Lilikuwa jina la mama mkwe wangu. Akasema alinisikia nikilalamika Jumatatu, akaona kama kuna wa kumhakikisha ni huyo.

Niliona haya. Kweli kabisa, niliona haya mpaka masikio. Ilichukua karibu nusu saa kupoa.

Saa nne na nusu Mkongwe halisi, mnene, akaamka kwenye seva mpya. Kumbukumbu elfu nne na mia mbili. Fundi saa aliitwa ndani. Daktari akafungua namba zake za miaka tisa, akaziweka kando ya ile ya jana. Imepanda. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ukiitazama ya jana peke yake usingejua. Amebadilishiwa dawa ya matone. Alipotoka aliniaga tena kwa mkono. Sikujua niuweke wapi mkono wangu baadaye, nikautia mfukoni, nikaikuta flashi.

Hasara ipo. Faili la Bi Daftari ni la Jumatatu, kwa hiyo waliopimwa Jumatatu jioni, Jumanne na Jumatano wamepotea. Watu ishirini na watatu. Nimewapigia simu mmoja mmoja mchana kutwa, nimejieleza mara ishirini na tatu, na wanarudi wiki ijayo kupimwa upya. Mmoja alinikatia. Mmoja alicheka sana, akamwita mkewe nianze upya asikie.

Msimamizi wa mitambo ni Bi Daftari. Daktari hakupiga hata mbiu, alimkabidhi tu ufunguo, baada ya kuupangusa.

Nami nimepewa kazi maalumu. Kila Ijumaa nitafungua kila nakala, niite mgonjwa mmoja kwa jina, nione akitokea, kisha nitie saini kwenye daftari la msimamizi. Nimelitafakari hili njiani. Nakala zote za kliniki zitakuwa zinapita mikononi mwangu. Nadhani ni aina ya cheo.

Jumamosi, tarehe 8

Miwani imekamilika. Fundi Lenzi alikuja kuileta nyumbani mwenyewe, akamvisha mama mkwe, akarekebisha nyuma ya sikio. Mama mkwe akamshukuru sana, kisha akageuka taratibu kututazama. Alianza na dari. Akasema kuna buibui. Akashuka kwenye kabati, akasema kuna vumbi juu yake. Akafika kwangu. Akasema nimekonda usoni na kunenepa tumboni, na kwamba nywele zangu zinarudi nyuma, akamwuliza mke wangu kama aliliona. Mke wangu akasema aliliona mwaka juzi.

Baada ya chai akaomba magazeti ya wiki nzima. Sikufikiri haraka. Nikamletea!

Ameyasoma yote, moja moja, kalamu mkononi. Saa nane akaniita. Mechi ya Jumanne haikuvunjika kwa mvua, iliisha mbili kwa mbili. Barua ya msomaji kuhusu taka sokoni ina aya sita, mimi nilimsomea mbili. Na yule mzee niliyesema ametimiza miaka mia, hakutimiza. Tangazo lake lilikuwa la kuuza shamba. Nikamwambia mwanga wa jioni ulikuwa hafifu. Akasema ndiyo, mwanga.

Kisha akaniuliza kama niliwaambia kazini kabla hawajaniuliza. Nikamwambia niliwaambia. Sikutaja soksi. Mambo mengine ni ya humu tu.

Jumapili, tarehe 9

Mama mkwe ameondoka asubuhi. Tulimsindikiza kituoni mimi na mke wangu. Aliisoma namba ya basi likiwa bado mbali kabisa, akaitamka kwa sauti, akatabasamu kama msichana. Mke wangu alilia kidogo. Mimi nilishangaa kujiona namwuliza mama mkwe atarudi lini. Aliponiaga alisema nisimkasirikie. Nikadhani ni kwa ajili ya magazeti.

Nyumba imekuwa kimya. Nimekaa kwenye kochi, baada ya kuangalia kwanza. Nikafungua daftari hili niandike kwamba mambo yameisha salama.

Amelisoma.

Lote! Tangu Jumatatu! Kuna alama ndogo za kalamu nyekundu pembeni mwa kila ukurasa, mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Pale nilipotoa tiki ya diski ya pili ameweka kiulizo. Pale nilipobonyeza ndiyo mara ya pili ameweka viulizo viwili. Pale pa mechi amepiga mstari tu. Pale nilipoandika kwamba nimeogopa ameweka tiki kubwa. Ndiyo pekee katika daftari zima. Na chini ya Ijumaa, baada ya soksi, ameandika:

*Jibu si lako, umenakili kwa jirani. 4/10. Onyesha njia.*

Nimesoma mara kadhaa. Nne! Nilitegemea angalau sita.

Lakini si mtu wa kukaa na kinyongo. Nimelichukua kama somo, na somo lenyewe ni kwamba karatasi haina usalama. Mtu yeyote mwenye miwani anaweza kuingia. Kwa hiyo nimejikaza, nimefikiri, na nimepata mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupata.

Kesho nitatengeneza kompyuta pepe ndogo, yangu binafsi. Shajara hii nitaichapa yote humo. Nitaifunga kwa nenosiri refu sana, la tarakimu na herufi, ambalo hata mimi siwezi kulikariri. Kisha nitaifungasha kwenye flashi nyekundu. Nimeshapiga hesabu ya nafasi: inatosha, nikipunguza punguza. Hapo nitaifuta ile ya kwanza niliyoifungasha, na daftari hili nitalichana vipande vidogo na kuvitupa mapipa tofauti.

Bi Daftari atauliza kama nimeijaribu. Hiyo Ijumaa ya majaribio ni ya nakala za kliniki, hii ni yangu.

Limebaki suala la nenosiri, niliweke wapi lisionekane. Nimelizungukia tangu saa tano. Kuliandika kwenye karatasi siwezi, wiki hii nimeona karatasi zinavyofanya. Mwisho nimepata. Nitaliandika humo humo ndani ya shajara, ukurasa wa kwanza. Hapo hakuna mtu atakayelifikia.